Mafundi wa Mvua ya Hollywood

Tangu 1952 watu wametabasamu kila wanapomwona Gene Kelly akirukaruka madimbwini katika filamu ya Singin' in the Rain. Wachache humkumbuka fundi bomba.

Mvua ile haikutoka mawinguni. Mafundi wa studio ya MGM walipitisha mabomba juu ya mtaa wa kuigizia, wakaufunika kwa maturubai ili mchana uonekane usiku. Taa walizipanga nyuma ya matone, maana maji yanayomulikwa kwa mbele tu hupotea kwenye kamera. Hata madimbwi yalichimbwa, pale pale Kelly alipotaka mguu wake utue. Mwenyewe alicheza akiwa na homa kali, suti ya sufu imemlowa mwilini.

Kisha kuna milio ya viatu. Mngurumo wa maji ungeimeza, kwa hiyo ilirekodiwa baadaye: mchezaji anatazama picha na kupiga hatua upya, kila mlio uangukie mguu unapogusa ardhi. Akichelewa kidogo tu, mtazamaji anashtuka. Kazi ya namna hii hufanikiwa pale isipoonekana kabisa.

Filamu yenyewe inamhusu binti anayemkopesha nyota sauti yake akiwa amefichwa. Katika wimbo wa "Would You?", Debbie Reynolds, aliyeigiza binti huyo, naye aliimbiwa na mwanamke mwingine, na jina la mwanamke huyo halikuandikwa kwenye filamu. Wengi wanaousikia leo bado wanaamini ni Reynolds.