Tasfida, Nyongo na Utumbo wa Mtoto Mchanga: Uhakiki wa Lugha ya Maelezo ya Afya

Yamkini msomaji wa jarida hili atastaajabu kuona makala ya uhakiki yakishughulika na matapishi ya watoto wachanga. Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi, na mtu aliyepelekwa ng'ambo kusomea shahada ya pili ya isimu, kama mwandishi wa makala haya, hatazamiwi kurudi na kuanza kuchambua karatasi zinazobandikwa katika kuta za zahanati. Hata hivyo karatasi hizo, pamoja na vijitabu wanavyopewa akina mama na maneno ambayo wauguzi huyasema kando ya kitanda, ni matini. Zina mwandishi, zina hadhira, zina msamiati uliochaguliwa na msamiati ulioachwa. Tena ni matini ambazo kosa la msamiati ndani yake laweza kumwua mtoto wa msomaji. Sijui riwaya iwezayo kufanya hivyo.

Maradhi tunayoyakusudia ni kuziba kwa utumbo katika siku za kwanza za maisha. Sababu zake ni nyingi. Kuna mtoto azaliwaye utumbo wake ukiwa umekatika au kufungika mahali fulani. Kuna yule ambaye utumbo wake haukujipanga sawasawa tumboni, ukaning'inia kwenye shina jembamba na kujisokota. Kuna mwenye maradhi ya Hirschsprung, yaliyopewa jina la daktari wa watoto wa Copenhagen aliyeyaeleza mwaka 1886, ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo haina chembe za neva za kuusukuma uchafu. Na kuna azaliwaye bila tundu la haja kubwa. Dalili zake hazihitaji mtambo wowote kuzitambua: matapishi ya kijani, tumbo kuvimba, na choo cha kwanza kutotoka. Kwa kuwa dalili hizi zatambuliwa kwa macho na kuelezwa kwa maneno, suala la maradhi haya, kabla halijawa la kisu, ni suala la lugha. Hapo ndipo mhakiki anapopata ruhusa ya kuingia.

Tuanze na neno nyongo. Daktari afundishwapo kazi yake huambiwa kwamba mtoto mchanga atapikaye nyongo ahesabiwe kuwa utumbo wake umeziba mpaka ithibitike vinginevyo. Si kila mtoto wa namna hiyo huwa ameziba, lakini hakuna awezaye kujua kwa kumtazama tu, na utumbo uliojisokota huweza kufa kwa muda wa saa chache kwa kukosa damu. Basi daktari hutafsiri fundisho lake kwa Kiswahili na kumwuliza mzazi: je, ametapika nyongo? Tafsiri hii ni sahihi kamusini, na ni mbovu kitandani.

Nitoe ushahidi wa nyumbani. Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume, na siku ya pili mtoto akaanza kutapika. Walikuwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Daktari aliyekuwa zamu alipita usiku akamwuliza mama yetu, aliyekuwa amempakata mjukuu wake: "Mama, mtoto ametapika nyongo?" Mama, akiwa na kitambaa kilicholowa mkononi, akajibu kwa heshima na kwa ukweli wote aliokuwa nao: "La, daktari, si nyongo. Ni maji ya kijani tu." Daktari, mwenye watoto wengine wengi wa kuwatazama, alilisikia lile "la" na kuliandika. Hakusikia "kijani". Ilikuwa karibu na alfajiri daktari mwingine alipoomba kukiona kitambaa chenyewe. Mtoto akapasuliwa asubuhi ile ile, utumbo ukakutwa umejisokota, na kipande kilichokwisha kufa kikakatwa. Siku hizi yu darasa la 2 na ni mtundu.

Nani alikosea? Mama alijibu Kiswahili sanifu kabisa. Kwa mzungumzaji wa kawaida, kutapika nyongo ni kutapika yale maji machungu ya manjano yanayomtoka mgonjwa wa malaria baada ya tumbo kuwa tupu. Ni usemi tulioukulia, na hauna hofu ndani yake; mtu hutapika nyongo Jumatatu na kwenda shambani Alhamisi. Mchinjaji wa mbuzi atatubishia kwamba nyongo aijuayo yeye ina ukijani, naye asema kweli. Lau mama angeulizwa habari za mbuzi angetaja rangi hiyo. Lakini aliulizwa habari za kutapika, na katika kutapika neno hilo limekwisha kujifunga na rangi ya manjano. Hata wenye elimu ya kemia hawawezi kumlaumu, maana nyongo itokapo katika ini huwa na rangi ya dhahabu, na hugeuka kijani ikisha kukaa na kuchanganyika na asidi ya tumbo.

Wala tusidhani kwamba huu ni udhaifu wa Kiswahili. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2006 uliwapa wazazi na watu wa tiba rangi mbalimbali na kuwauliza ipi ni ya nyongo katika matapishi ya mtoto. Wazazi walio wengi hawakuchagua kijani, na hata baadhi ya madaktari walichagua manjano. Tofauti ni kwamba sisi tuna dawa yake karibu. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kijani: tuna chanikiwiti, tuna kijani kibichi, tuna rangi ya mchicha na ya sukumawiki, vitu ambavyo kila mama amevikata kwa mkono wake. Kwa nini basi maelezo yang'ang'anie kiungo cha mwili ambacho hakuna amwonaye mtoto wake akiwa nacho, na kuiacha rangi ambayo kila mtu aiona?

Lawama nyingine yaelekea kwenye orodha za "dalili za hatari" zenyewe. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulichuja dalili za ugonjwa mkali kwa watoto wachanga hadi zikabaki 7: kutonyonya vizuri, degedege, kutojongea mpaka asukumwe, kupumua kwa kasi, kifua kubonyea, homa, na mwili kuwa baridi. Kuchuja huko kulikuwa na busara yake, kwani orodha fupi hukumbukwa. Ila matapishi ya kijani hayamo. Mtoto wa dada yangu, usiku ule wa kwanza, hakuwa na homa, hakuwa na degedege, na alinyonya kwa nguvu kabla ya kutapika. Kwa orodha ile alikuwa mzima.

Tukiliacha neno nyongo twakutana na kundi la maneno ambayo kosa lao ni ukarimu: yameyakaribisha maradhi mengi mno chini ya dari moja. Chango ni utumbo, ni mnyoo, na tena ni maumivu ya tumbo ya akina mama na watoto yasiyo na mipaka. Gesi, neno geni lililopata uraia upesi, limelipokea kila tumbo lililovimba, na duka la dawa halikosi chupa ya kuliuzia. Ajabu kuliko yote ni msokoto. Lugha yetu ilikwisha kuliunda neno hili kwa tamathali, kwamba tumbo linalouma ni kama kamba inayosokotwa. Na tamathali hiyo imetumika hata ikapoa, ikawa jina la uchungu mdogo unaopita. Sasa anakuja mtoto ambaye utumbo wake kweli umejisokota, bila tamathali yoyote, na neno lililokuwa la kumfaa yeye limekwisha kuchakaa. Bibi akisema "ana msokoto", amepatia kuliko daktari, na hakuna atakayeshtuka.

Kuhusu choo, tutazame kitenzi. Husemwa mtoto "amefunga choo". Kufunga ni kitendo juu ya kitu kilichokuwa wazi. Aliyefunga choo ni mtu ambaye jana alikwenda na leo hakwenda. Mtoto mchanga ambaye hajatoa kile choo chake cha kwanza, cheusi na kinatacho kama lami, hakufunga chochote. Kwake mlango haujapata kufunguka. Kusema "amefunga choo" ni kumtia katika jamii ya watu wazima waliokula ndizi mbichi, na kuwashauri wazazi wangoje au wampe maji ya sukari. Zaidi ya 9 katika kila watoto 10 waliotimiza miezi yao hutoa choo cha kwanza kabla ya saa 24 kwisha, na karibu wote kabla ya saa 48. Sentensi iliyo sahihi ni fupi: hajapata choo tangu azaliwe. Hiyo ina saa ndani yake, ile nyingine haina.

Hapa ndipo tunapoifikia tasfida. Mwalimu wa Kiswahili huifundisha tasfida kama pambo la adabu, nami nimeifundisha hivyo kwa miaka kadhaa bila wasiwasi. Haja kubwa, kujisaidia, sehemu za siri: maneno haya yanalinda heshima ya msemaji na msikilizaji, na sina nia ya kuyafukuza. Lakini tasfida ina tabia moja ambayo vitabu vyetu haviisemi sana. Haifuniki jina peke yake, bali hufunika na kitu chenyewe, mpaka jicho nalo likaona haya. Mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa hutambulika kwa kumfunua na kumtazama, kazi ya nusu dakika ambayo mkunga hana budi kuifanya kabla mama hajaondoka. Kasoro za namna hii humpata mtoto 1 katika kila 5,000 hivi. Hata hivyo wapo wanaogunduliwa baada ya siku nyingi. Kwa watoto wa kike jambo lina hila zaidi, kwa sababu mara nyingi utumbo hupata kijitundu kidogo mbele, karibu na njia ya uzazi, na choo kikapita hapo. Muuguzi auliza: "Amepata choo?" Mama ajibu: "Ndiyo, amechafua nepi." Wote wawili wamesema kweli, na adabu imewazuia kuuliza swali lililobaki: kimetokea wapi?

Katika maelezo ya tiba nitakuwa mfupi, kwa kuwa kisu si fani yangu. Mtoto asimamishwe kunyonya, apitishwe mpira mwembamba puani hadi tumboni ili yaliyomo yatoke yasije yakamwingia mapafuni, atundikiwe maji yenye sukari mshipani, awekwe katika joto, kisha apigwe eksirei na afikishwe kwa daktari wa upasuaji. Upasuaji wenyewe hutegemea sababu: wengine huunganishwa utumbo, wengine husokotolewa, wengine hutobolewa tundu la muda tumboni la kupitishia choo hadi wakue na kupasuliwa tena. Jambo linalonihusu ni kwamba amri ya kwanza katika mlolongo huo inapingana na kauli ambayo mama ameisikia kila siku tangu mimba, yaani asiache kunyonyesha. Kauli hiyo ni ya kweli na imeokoa wengi. Lakini mama akitwaliwa mtoto matiti yakiwa yamejaa, na asiambiwe kwamba ni kwa sababu njia imezibwa mbele na kwamba maziwa akamuliwe yawekwe, atamnyonyesha kwa siri. Nani angemlaumu? Matini mbili zimempa amri mbili, na ameitii ile aliyoizoea.

Na asiambiwe kwamba ni chakula alichokula. Mwaka 1955 Louw na Barnard wa Cape Town, huyo Barnard akiwa ndiye aliyekuja kuhamisha moyo mwaka 1967, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya vijibwa vilivyokuwa bado matumboni mwa mama zao. Walipoukatia utumbo damu yake, ulikuja kuonekana umekatika vile vile kama wa watoto wanaozaliwa na kasoro hiyo. Mara nyingi chanzo ni ajali ya mshipa mdogo wa damu, si embe wala pilipili.

Wako watakaosema kwamba tunakuza jambo, kwamba tatizo ni uchache wa madaktari wa upasuaji na umbali wa hospitali. Sikatai. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu watoto 3,849 katika hospitali 264 za nchi 74, ulitazama kasoro 7 za kuzaliwa, ambazo baadhi yake ni hizi za kuziba utumbo. Katika nchi maskini walikufa asilimia 39.8, katika nchi za kipato cha kati asilimia 20.4, na katika nchi tajiri asilimia 5.6. Tofauti hiyo haikuletwa na msamiati peke yake, wala hata na msamiati zaidi. Lakini mwanaisimu hawezi kujenga chumba cha upasuaji, awezalo ni kuuliza mtoto alichelewa wapi kabla ya kukifikia, na sehemu ya jibu imo katika maneno.

Lau tungeombwa kuiandika upya ile sehemu ya kijitabu inayosema tu kwamba mtoto akitapika au akifunga choo apelekwe hospitali mapema iwezekanavyo, tungeandika hivi: Mtoto mchanga akitapika kitu cha rangi ya mchicha, hata mara moja, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na uchukue kitambaa alichotapikia ukamwonyeshe daktari. Fanya hivyo pia kama saa 24 zimepita tangu azaliwe na hajatoa choo cheusi, au kama tumbo lake limevimba na kukaza. Mwombe mkunga akuonyeshe tundu la haja kubwa la mtoto kabla hamjatoka.

Sentensi hizo hazina uzuri, na mhariri mmoja niliyemwonyesha alitaka "tundu la haja kubwa" liondolewe. Nilimwuliza angeweka nini mahali pake. Bado anafikiri.