Makali ya Patasi

Kabla ya kugusa mbao, fundi nakshi wa Lamu hugusa jiwe. Mfaa, ule ubao wa kati unaofunika mwanya wa mabawa mawili ya mlango, umelala mezani ukingoja. Ni mbambakofi, mti mgumu usiotaka papara. Anadondosha mafuta kwenye kinoo, anailaza patasi mpaka mshazari wa makali ushike jiwe wote, kisha anaisukuma na kuirudisha, viwiko vimebana mbavuni ili pembe isiyumbe. Kidole gumba kikihisi unyuzi wa chuma umeinuka upande wa pili, anaigeuza, anailaza bapa na kuuondoa taratibu. Halafu anaijaribu kwenye vinyweleo vya mkono. Visiponyoleka, anarudi jiweni.

Hesabu inampa haki. Tuseme kiganja chake kinasukuma kwa kani ya nyutoni 50, kiasi cha kuinua kilo 5. Kichwa cha mpini kinagusa kiganja kwenye eneo la sentimita 10 za mraba: kani ukiigawa kwa eneo, kanieneo ni paskali 50,000, na ngozi haiumii. Mbele, makali yana upana wa sentimita 1 na unene wa milimita 0.01. Kani ni ileile, eneo limepungua mara 10,000, na kanieneo imefika paskali milioni 500. Nyuzi za mbambakofi zinaachia. Makali yakilika hadi milimita 0.1, ubutu ambao jicho la mpita njia halitauona, itahitajika kani ya kuinua mfuko mzima wa saruji. Ndipo mwanagenzi huegemea kwa mwili wote, patasi ikateleza, na petali ya waridi ikang'oka.

Fundi hategemei mwili. Kwanza anazungushia mchoro mkato wa wima kwa nyundo ya mti, mapigo mafupi, ndipo anaingia kwa mshazari kuondoa mbao iliyouzunguka. Maranda yanatoka yamejikunja, mazima. Yakianza kutoka vumbi, anaacha bila kinyongo na kurudi kunoa, hata kama limebaki jani moja.

Penye jiriwa anataka kinyume cha makali. Kati ya taya za chuma na mfaa anapachika vipande vya mbao laini, vipana kuliko taya zenyewe. Skrubu anaikaza vilevile, lakini kani sasa imetandazwa, na nakshi aliyoimaliza jana haipati hata mkwaruzo.