Kitanda Usichokilalia

Februari 2001, mabingwa 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, wakatoa tamko fupi liitwalo Manifesto ya Ajaili. Liliwahimiza wenzao wasifungwe na mipango mizito, bali watoe kazi kidogo kidogo na kuirekebisha kadiri waendavyo. Nimelisoma mara nyingi na bado nalipenda. Lakini nina ugomvi nalo juu ya neno moja: mteja.

Mteja ndiye alipaye. Mtumiaji ndiye akaaye mbele ya kioo cha kompyuta kutwa nzima. Katika kanuni 12 zinazoandamana na tamko hilo, mtumiaji anatajwa mara moja tu, tena katika habari ya kwenda kwa mwendo usiochosha. Kama chombo chenyewe kinamfaa, haulizwi.

Niliwahi kushiriki kutengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa. Kila baada ya wiki mbili tulimwonyesha mkuu kipande kipya, naye akaridhika. Siku ya kuanza nilikaa nyuma ya karani wa mapokezi. Kumwandikisha mgonjwa mmoja kulimlazimu apite kurasa sita, kwa kuwa sisi tulijenga vipande sita. Foleni ikafika mlangoni, na aliyegombezwa ni yeye. Akanigeukia kwa upole: "Mwanangu, wewe umewahi kukaa hapa?" Sikuwa na jibu.

Mwaka 2002 Alan Cooper na Kent Beck walijadiliana juu ya jambo hili. Cooper alitaka usanifu utangulie uandishi wa programu. Beck akaona viende pamoja. Mwaka 2007 Desirée Sy alieleza njia ya kati: wasanifu watangulie kwa mzunguko mmoja, wakiwachunguza watumiaji, huku wakipima kilichokwisha kujengwa.

Njia hiyo ni njema, ila haitoshi. Atanguliaye hatua moja huiona hatua moja tu. Safari nzima ya karani, toka salamu hadi kadi, yafaa ichorwe kabla ya kipande cha kwanza. Kisha kipande kisihesabiwe kuwa kimekwisha mpaka karani mwenyewe amekijaribu, na foleni ikiwapo.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulikitengeneza, tukakisifu, tukaenda kulala kwetu.