Mashimo ya Sirikwa: nani alisema watu walilala humo?

Ukipita Uasin Gishu, Nandi au pande za Nakuru na macho yako yanajua cha kutafuta, utayaona. Ni mashimo ya duara kwenye mteremko, kama sahani kubwa iliyobonyezwa ardhini ikaota nyasi. Mengi yana upana wa mita 10 hadi 20. Kwingine yako matano au sita, kwingine yanapita mia. Wenyeji huyaita mashimo ya Sirikwa, na ukiuliza yalikuwa ya nini, mara nyingi utaambiwa: watu wa kale waliishi humo.

Sasa hebu tulijaribu jibu hilo kabla ya kulimeza. Nyanda hizi hupata mvua nyingi kila mwaka. Wewe, mtu mzima mwenye akili zako, una mlima mzima wa kuchagua, halafu uchimbe shimo ambalo maji ya mteremko yataingia, uweke kitanda chako katikati? Hata mtoto angekuuliza maswali.

Lakini wazo hilo halikuzuka kwa wenyeji peke yao. Waandishi wa enzi ya ukoloni waliyatazama mashimo haya wakaona nyumba za shimoni, na wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1933, G. W. B. Huntingford, mtu aliyewajua Wanandi vizuri kuliko Wazungu wengi wa wakati wake, aliandika katika jarida la Antiquity kuhusu kile alichokiita ustaarabu wa Azania. Humo alikusanya mashimo, matuta ya mashamba, barabara za kale na kuta za mawe, akavifunga vyote katika furushi moja la taifa lililotoweka. Tatizo langu na furushi hilo ni kwamba vitu hivyo havilingani, si kwa umri wala kwa kazi. Kilichoviunganisha ni imani tu kwamba mababu wa watu waliokuwepo hapo hawangeweza kuvijenga, kwa hiyo lazima atafutwe mgeni fulani. Imani hiyo haikuwa na ushahidi, ilikuwa na wasikilizaji.

Aliyelifungua furushi ni John Sutton. Alizunguka nyanda za magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1960, akapima, akachimba, na mwaka 1973 akatoa kitabu chake kuhusu akiolojia ya eneo hilo. Baadaye akarudi kuchimba Hyrax Hill, kilima kilicho karibu na mji wa Nakuru, mahali ambapo Mary Leakey alikuwa amechimba mwaka 1937 na 1938. Hoja yake nikiisema kwa ufupi: shimo ni zizi. Nyumba ilikuwa pembeni.

Napenda hoja hii kwa sababu inaweza kupimwa kwa jembe. Kama shimo lilikuwa nyumba, katikati yake tutarajie meko, sakafu iliyokanyagwa, vigae vya vyungu. Kama lilikuwa zizi, tutarajie matope na samadi. Wachimbaji walikuta hilo la pili. Alama za nyumba zilikuwa nje ya ukingo wa shimo, zikiwa zimeshikamana na uzio, na ili uingie nyumbani ulipaswa kwanza kupita zizini. Lango lilikuwa moja tu, upande wa chini wa mteremko. Palipokuwa na mawe mengi, kama Uasin Gishu, kuta zilijengwa kwa mawe bila udongo wa kushikiza. Pasipo na mawe, uzio wa miti ulitosha, na huo umekwisha kuoza zamani.

Angalia jinsi kila kipande kinavyofanya kazi. Lango liko chini ili maji na uchafu vitoke. Uchafu ukifagiliwa nje unajikusanya mbele ya lango, na kweli kuna tuta hapo. Kila unapokwangua sakafu ya zizi unaondoa na udongo kidogo, kwa hiyo shimo linazidi kuzama. Na zizi likishakuwa bovu, unachimba jingine jirani.

Hilo la mwisho ndilo watu hulipita haraka mno. Mashimo mia kwenye kilima kimoja si mji wa familia mia! Huenda ni familia chache zilizohamisha mazizi yao vizazi hadi vizazi. Ukiona mtu anahesabu mashimo kisha anakupa idadi ya watu wa kale, muulize: yalitumika yote kwa pamoja? Akibabaika, funga daftari.

Kwa nini kujihangaisha hivyo na ng'ombe? Jibu la Sutton ni wizi wa mifugo. Ng'ombe wakiwa ndani ya shimo hawaonekani kwa mbali, na mwizi hana njia nyingine ila lango moja jembamba lililo karibu na watu waliolala. Mfumo huu ulianza karibu na mwaka 1200 na ulidumu kwa karne kadhaa, hadi karne ya 18 hivi, ambapo uvamizi wa vikundi vikubwa vya wapiganaji ulizidi nguvu ya lango moja. Zizi la kuzuia wezi watano halizuii jeshi. Nakubali maelezo haya kwa sehemu kubwa.

Ninaposita ni pale hoja inapotoka kwenye zizi na kwenda kwenye jina. Sutton anasema Sirikwa hawakuwa taifa lingine lililofutika; kwa sehemu kubwa walikuwa mababu wa Wakalenjin wenyewe, kabla hawajabadilisha namna ya kuishi. Kama pingamizi kwa Huntingford, ni pingamizi zuri, tena lilihitajika. Lakini ushahidi wake umeegemea sana vyungu vya aina ya Lanet vinavyopatikana kwenye mashimo, na chungu hakisemi lugha. Familia inaweza kununua chungu kwa jirani, au kumwoa binti wa mfinyanzi. Isitoshe, masimulizi ya wazee hayaimbi wimbo mmoja: kuna wanaosema Sirikwa waliondoka kwenda kusini, na kuna koo za leo zinazosema, sisi ndio wao.

Na hapa si mchezo wa maprofesa. Katika Bonde la Ufa, swali la nani alitangulia kufika limewahi kugharimu watu mashamba na maisha. Ukisema "walitoweka", umeiacha ardhi bila mwenyewe. Ukisema "walikuwa sisi", umeipa kabila moja la leo. Samadi iliyo chini ya lango haiwezi kubeba hukumu ya aina hiyo, na sidhani ni haki kuibebesha. Inaweza kutuambia walifuga nini, walihofia nini, na walitumia zizi kwa muda gani. Hayo si madogo.

Jambo jingine linalonikera ni neno lenyewe. Tukiendelea kuwafundisha wanafunzi "mashimo", watawaza watu wa shimoni, na picha hiyo ina dharau ndani yake. Kiswahili tayari kina "boma" na kina "zizi". Kwa nini tusiseme mazizi ya Sirikwa?

Kama uko karibu na Nakuru, Hyrax Hill iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na unaweza kuyaona mwenyewe, pamoja na mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba. Ukifika, usikimbilie katikati ya shimo kama kila mtu. Shuka kwanza upande wa chini, utafute lango na tuta lililo mbele yake, kisha uingie kutokea hapo, kama ng'ombe.