Heshima ya Gari ni Nini?

Ndugu msomaji, magari mengi yaliyotumika Japani hushushwa bandarini Dar es Salaam, hapa pwani kwetu, kisha husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Mwanza, mji wa vilima na majabali kando ya Ziwa Victoria. Vilima hivyo na viwe mizani yetu. Tuyapime magari mawili: Mercedes-Benz 200D ya namna ile iliyoanza kutoka mwaka 1976, na Toyota Vitz iliyoanza kuuzwa mwaka 1999.

Benzi lina jina kubwa, hata wakubwa wenye mali waliitwa Wabenzi kwa ajili yake. Ukilitazama wadhani kilima si kitu kwake. Lakini hesabu yasema vingine. Uzito wake wakaribia kilo 1,400, na injini yake ya dizeli ya lita 2 ilitoa nguvu za farasi 55, au 60 kwa zile za baada ya 1979. Vitz ya lita 1, ambayo watu huicheka, ina nguvu za farasi 70, nayo haizidi kilo 900. Basi mlimani, mdogo ndiye amngojaye mkubwa.

Je, Benzi halina sifa? Linazo. Bati lake ni nene, viti vyake vyapumzisha mgongo, na injini ile ikitunzwa huishi miaka mingi mno. Ndiyo maana madereva wa teksi wa nchi nyingi waliliamini. Na Vitz ina kasoro zake: tumbo lake li chini, na njia ya mawe iendayo mwaloni, zinaposhushwa samaki na dagaa, yaikwaruza. Yakiingia magunia mawili, abiria hana pa kukaa.

Lakini lawama haiko kwenye chuma, iko kwa mwenye chuma. Anunuaye Benzi naye aweza kulitunza, hana kosa. Wa kulaumiwa ni yule akopaye ili majirani wamwamkie, gari likasimama uani likingoja vipuri, na mwanawe akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Wala mwenye Vitz asijione mnyenyekevu, ikiwa humpita jirani mgonjwa njiani na kiti ki kitupu.

Basi, msomaji, kabla hujauliza bei ya gari, jiulize kwanza: nalitaka linifikishe wapi, au nalitaka nionekane na nani?