Rufaa za kiharusi cha mpito: usahihi wake hupimwaje

Kiharusi cha mpito, ambacho wengi hukiita kiharusi kidogo, hutokea damu inapokosekana kwa muda mfupi katika sehemu ya ubongo, kisha ikarudi. Mkono hulegea, mdomo hupinda, maneno hayatoki. Baada ya dakika kadhaa mgonjwa amerudia hali yake. Hatari iko katika siku chache zinazofuata, maana hapo ndipo kiharusi kamili hupiga zaidi. Lakini mgonjwa anapofika kwa daktari wa huduma ya msingi, mara nyingi dalili zimekwisha kutoweka, na kinachobaki kuchunguzwa ni masimulizi yake.

Masimulizi hayo hufanana na ya maradhi mengine: kipandauso, kifafa, kuzirai, sukari kushuka. Kinachosaidia kuyatenganisha ni mwendo wa dalili. Kiharusi cha mpito huanza ghafla na huondoa uwezo wa kuona, kusema au kunyanyua mkono. Kipandauso aghalabu huleta mng'aro machoni, au ganzi inayotambaa polepole kutoka vidoleni hadi usoni. Rufaa iliyoandikwa “ganzi ya mkono” tu, bila kueleza ilianzaje na ilichukua muda gani, haimsaidii bingwa atakayeipokea.

Katika kliniki za Uingereza, takriban nusu ya wanaopewa rufaa ya kiharusi cha mpito hugundulika kuwa na tatizo jingine. Ni rahisi kuisoma takwimu hiyo kama uzembe wa madaktari wa familia, na usomaji huo ni wa kupotosha. Kliniki huwahesabu waliofika kwake. Aliyeambiwa ni uchovu akarudishwa nyumbani hayumo katika hesabu, ilhali kosa la kumrudisha ndilo lenye gharama kubwa zaidi. Daktari anayewapeleka wenye dalili za wazi tu atakuwa na asilimia nzuri ya rufaa sahihi, huku akiwaacha wengine hatarini.

Pengo hilo ndilo linaloupa uzito Oxford Vascular Study, utafiti ulioanza mwaka 2002 kati ya watu wapatao 91,000 waliosajiliwa kwa madaktari wa familia huko Oxfordshire. Watafiti hawakutegemea rufaa peke yake. Walizipekua pia kumbukumbu za hospitali, za madaktari na za vifo, ili wampate hata ambaye hakupelekwa. Ndani yake, utafiti wa EXPRESS wa mwaka 2007 ulionyesha faida ya kuharakisha: wagonjwa walipoonwa na kuanzishiwa dawa papo hapo, waliopata kiharusi kingine ndani ya siku 90 walishuka kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1.

Ili kuamua nani atangulie, ilibuniwa alama ya ABCD2, inayojumlisha umri, shinikizo la damu, aina ya dalili, muda wake na kisukari, hadi alama 7. Mwongozo wa mwaka 2008 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, uliwataka wenye 4 na zaidi waonwe ndani ya saa 24, wengine ndani ya wiki. Udhaifu ulijitokeza: mtu mwenye alama ndogo anaweza kuwa na mshipa wa shingo uliosinyaa, au moyo unaopiga bila mpangilio. Mwongozo wa mwaka 2019 uliiondoa alama hiyo: anayeshukiwa kupata tukio katika wiki iliyopita apewe aspirini miligramu 300 asipokuwa na kizuizi, aonwe ndani ya saa 24.

Hata kipimio chenyewe hakijanyooka. Usahihi wa rufaa hulinganishwa na uamuzi wa bingwa, na mabingwa hutofautiana juu ya mgonjwa yuleyule. Picha ya MRI huonyesha jeraha kwa takriban theluthi moja tu ya wagonjwa, hivyo picha safi haimalizi ubishi. Mwaka 2021 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba dalili za ghafla ambazo wengi hawazihesabu, kama kizunguzungu pekee au kuona vitu viwiliviwili, zilikuwa na hatari ya mapema inayokaribia ile ya dalili zilizozoeleka. Baadhi ya rufaa zilizoitwa potofu, basi, huenda zilikuwa sahihi.

Tathmini ya haki huanza pande zote mbili. Kliniki humrudishia daktari jibu lenye utambuzi wa mwisho na sababu zake. Kwa upande wa pili, kila mgonjwa aliyelazwa kwa kiharusi kamili huulizwa, pamoja na jamaa aliyeshuhudia, kama wiki zilizotangulia alipata dalili zilizopita, alimwona nani, na aliambiwa nini.