Mkono wa Fundi wa Chumba cha Giza

Mafundi waliosafisha mikanda ya picha nyeusi na nyeupe Dodoma wanastahili pongezi, hasa kwa mkono uliojua kulitikisa kopo lenye mkanda na dawa kwa kiasi. Sehemu ya mkanda iliyopigwa mwanga mwingi, dawa huchoka upesi na kuacha bromidi, mabaki yanayoizuia dawa. Kopo likitulia mno, bromidi hiyo huteremka ikichora michirizi. Likitikiswa kupita kiasi, kanzu nyeupe pichani hutoka tupu, bila mkunjo hata mmoja. Wapo watakaosema saa na kipimajoto vyatosha. Havitoshi: joto la Oktoba likiipandisha dawa juu ya nyuzi 20, muda wa kusafisha hufupika, na kosa la mkono halipati nafasi ya kujisawazisha. Fundi makini hupindua kopo taratibu sekunde 10 kila dakika, kisha huligonga mezani kuondoa mapovu.